Kabla ya Kuomba Data: Kwa Wanaoanza Kushirikiana na Viwanda

Mwanatakwimu kijana anapopangiwa kwa mara ya kwanza mradi wa pamoja kati ya idara yake na kiwanda, swali lake la kwanza, karibu kila mara, ni lini data zitafika. Nami niliuliza hivyo hivyo. Tulipokea vipimo vya miezi minane kutoka kampuni moja ya usindikaji, tukajifungia ofisini wiki sita tukiunda modeli ya kutabiri bidhaa zenye kasoro, na siku ya kuwasilisha, msimamizi wa zamu akauliza kwa upole kama tulikuwa na habari kwamba mashine ya pili ilibadilishiwa kihisio, yaani kifaa cha kupimia, katikati ya kipindi hicho. Hatukuwa nayo. Tofauti tuliyoieleza kwa ustadi mwingi ilikuwa ya kihisio, si ya uzalishaji.

Kwa hiyo, ushauri ninaoupa uzito kuliko mwingine wote ni kwamba uende mahali data zinapozaliwa kabla hujazipokea. Simama karibu na mashine zamu nzima, na ikiwezekana ya usiku pia, umwangalie anayeandika vipimo na umuulize hufanya nini kipimo kinapokosekana. Utakuta mmoja huacha nafasi wazi, mwingine huandika sifuri, na wa tatu hunakili kipimo cha saa iliyopita. Jedwali litakalokufikia halitakuonyesha ni nani aliyefanya lipi. Mtu huyo, ambaye kwa kawaida haalikwi kwenye vikao, ndiye mshirika wako wa kweli kuliko meneja aliyetia saini.

Ukiwa huko, tafuta swali, kwa maana ombi la awali la kiwanda mara nyingi si swali bali ni malalamiko, kama vile kusema kwamba ubora umeshuka. Uliza ni uamuzi gani utabadilika jibu likipatikana, na nani atakayeufanya. Pasipo uamuzi wa kubadilishwa, ni afadhali mradi usianze.

Wasidhani wanaoanza kwamba kazi ya namna hii ni ya daraja la chini kitaaluma. William Sealy Gosset, aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin mwaka 1899, alilazimika kufanya maamuzi kwa sampuli ndogo mno, ilhali nadharia ya wakati ule ilikuwa ya sampuli kubwa. Mwaka 1906 alikwenda kusoma kwa mwanatakwimu Karl Pearson katika University College London, na mwaka 1908 akachapisha makala iliyozaa jaribio la t, njia ya kupima kwa sampuli ndogo kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu. Alitumia jina la Student, kwa kuwa mwajiri hakuruhusu watumishi wachapishe kwa majina yao.

Kisa hicho kinagusa jambo linalovunja ushirikiano mwingi, yaani haki ya kuchapisha. Hati ya makubaliano ieleze tangu mwanzo kampuni ina siku ngapi za kupitia andiko, inaweza kuondoa nini humo, na programu mtakazoandika zitakuwa mali ya nani. Sisi tulikubali maneno “kwa idhini ya kampuni” bila kuweka ukomo wa siku, na mwanafunzi wetu wa uzamili akasubiri muhula mzima tasnifu yake ikiwa tayari. Tangu hapo sikubali tasnifu itegemee data za kampuni peke yake. Mbinu ile ile ijaribiwe pia kwa data zilizo wazi, ili mlango mmoja ukifungwa mwanafunzi asikwame. Kuhusu malipo nisiseme mengi: ofisi ya fedha ya chuo iyashughulikie, nawe usijadili bei mezani.

Yapo mambo yasiyohitaji mkataba. Mwanatakwimu George Box, aliyefanya kazi katika kampuni ya kemikali ya ICI nchini Uingereza kabla ya kuanzisha idara ya takwimu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1960, aliendesha nyumbani kwake vikao vya Jumatatu jioni ambapo mtu alileta tatizo halisi na wanafunzi wakalijadili. Nasi tunacho cha kwetu kila baada ya wiki mbili. Msimamizi wa zamu yule hualikwa, na mwanafunzi haruhusiwi kuonyesha mchoro wowote mpaka aeleze namba zake zilipimwa kwa chombo gani.