ULIZA FUNDI: Harusi za watu zimejaa kwenye diski, ninunue ipi?

Swali: Habari fundi, mimi nashuti video za harusi na sendofu hapa Dom, kuediti nafanyia nyumbani Ipagala kwenye Dell Optiplex 7010 ya used, ile ndogo ya kulala, diski yake ya GB 500 imejaa ndindindi. Nimetenga kama laki tano. Jamaa yangu anasema nichukue moja ya TB 4 nimalize kesi, mwingine anasema nifunge mbili za RAID ndo usalama. Nimsikilize nani?
Mpiga video, Ipagala

Jibu: Kaka, wote wawili waweke pembeni kwanza tupige hesabu ya kazi yako. Kamera ikirekodi Full HD kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 22, ukienda 4K ya megabiti 100 ni GB 45. Sasa sendofu zetu unazijua, kadi inasema saa kumi na mbili wenyewe wanaingia saa mbili usiku halafu MC naye hana haraka, ukiwa na kamera mbili unarudi nyumbani na GB 200 hivi kwa kazi moja. GB 500 ilikuwa lazima ijae, na hata hiyo TB 4 itajaa tu, tena mapema kuliko unavyodhani.

Ila mimi shida yangu na TB 4 moja sio kujaa. Siku ikigoma imeondoka na harusi zote, na hakuna bibi harusi atakayekubali kurudia kukata keki kwa ajili yako. Hela yako ningeigawa hivi: SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 480, humo ndani Windows, programu ya kuediti na kazi ya wiki hii tu basi. Halafu diski mbili za nje, zile eksteno, TB 2 kila moja, zote zina vitu vilevile. Moja unakaa nayo, nyingine inakaa kwa mtu, kwa dada yako Nzuguni au shemeji Kisasa, kabatini, haichomekwi popote mpaka siku ya kukopi. Mwizi akiingia ndani hawezi kubeba CPU akakuachia eksteno iliyolala hapo hapo mezani.

RAID 1, ile ya usalama aliyokwambia jamaa wa pili, inaandika kitu kilekile kwenye diski mbili kwa mpigo, moja ikifa kazi inaendelea, hilo ni kweli na kwa ofisi isiyotakiwa kusimama hata lisaa ni kitu kizuri. Lakini ukifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya inafutika kote papo hapo, kirusi kikiingia kimeingia kote, umeme ukirudi mkubwa zinaweza kuungua zote maana ziko boksi moja na power saplai ni moja. Hiyo sio bakapu. Na mtu akikushauri RAID 0 eti iwe fasta, mkimbie, hiyo inakata kila faili vipande na kuvigawa diski mbili, hapo moja tu ikifa na ya pili haina maana tena.

Mashine yako: 7010 hiyo ni ya mwaka 2012, haina sloti ya M.2, kwa hiyo usinunue NVMe, zile SSD za kijiti zinazochomekwa humo, hata ukiuziwa bei ya kutupa. Chukua SSD ya SATA, yaani yenye plagi kama ya diski yako ya sasa, ya inchi 2.5, ikae pale ilipo diski ya zamani. Inafika kama MB 550 kwa sekunde wakati hiyo uliyonayo ikijitahidi sana ni 100 na kitu, utaona tofauti tangu kompyuta inapowaka. Eksteno chomeka kwenye tundu la USB la bluu, usichomeke lile jeusi, maana zile GB 200 kwenye USB 2 zitakula saa moja na nusu na zaidi, kwenye bluu ni kama nusu saa. Na usiedit moja kwa moja kwenye eksteno. Nyingi za siku hizi ni SMR, yaani mistari ya data imelaliana kama bati za paa, ukitaka kubadilisha moja inabidi uinue na za jirani, ndo maana unaona inaanza vizuri halafu katikati inakufa kasi. Kumwaga video humo na kuziacha haina neno.

Jambo la mwisho kaka, na hili ni la biashara: TB 2 kwa mwendo wako wa kila wikiendi ni kama wiki 9. Andika kwenye makubaliano na mteja kwamba raw, yaani video ghafi, unaitunza mwezi mmoja baada ya kukabidhi kazi, anayeitaka milele alete diski yake. Wewe unabaki na video iliyokamilika. Usawa huu huwezi kuwatunzia watu kumbukumbu bure mpaka wajukuu.

Swali: Nimeuziwa flashi ya TB 2 kwa bei nzuri sana. Nimehamishia picha za familia zote, majina yanaonekana lakini nyingi hazifunguki. Nimekosea wapi?
Mstaafu, Area C

Jibu: Mzee wangu shikamoo. Hujakosea kukopi, flashi yenyewe ni feki. Ndani kuna chipu ndogo, labda ya GB 32 au 64, imedanganywa ijitambulishe kuwa TB 2. Ikishajaa inaendelea kupokea tu, majina yanaandikwa ila picha zenyewe haziingii popote au zinafuta zilizotangulia. Kwa hiyo usiongeze hata picha moja humo, na kama picha bado ziko kwenye simu au kompyuta usizifute kabisa. Zinazofunguka zihamishe leo. Mwambie kijana yeyote hapo nyumbani ashushe programu ya H2testw, ni ya bure, inaijaza flashi yote kisha inasoma upya, inakwambia ukweli ni GB ngapi. Itachukua muda mrefu, iache ifanye kazi. Jibu lake ulipige picha uende nalo kwa aliyekuuzia.

Swali: Bro, nimeona diski za TB 2 used zenye lebo ya zambarau bei chee. Nipite nayo?
Mwanafunzi, UDOM

Jibu: Hiyo zambarau mara nyingi ni WD Purple, ya kamera za CCTV, imetoka ukutani kwa mtu ikiwa imewaka usiku na mchana. Omba ichomekwe palepale dukani, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia Power On Hours, yaani saa ilizowaka. Mwaka mzima ni saa 8,760, sasa ukikuta 30,000 hiyo imeshakula zaidi ya miaka mitatu. Kisha angalia Reallocated Sectors na Current Pending, yaani sehemu zilizoharibika na zinazotiliwa shaka, hapo mimi nataka sifuri, ikiwa na namba nyingine yoyote asante kwaheri. Ukikuta na masaa ni sifuri kwenye diski iliyochubuka nayo itilie shaka, hizo namba zinafutika, mwaka 2025 huko Ujerumani watu waliuziwa diski za Seagate Exos zilizotumika kama mpya. Ukiichukua iwe ya muvi, disatesheni yako usiiweke humo.

Swali: Vumbi la Dodoma linaingia ndani ya diski?
Msomaji, Nkuhungu

Jibu: Haliingii, kale katundu kake ka kupumulia kana chujio. Linachofanya ni kuziba feni na matundu ya boksi hasa miezi ya upepo, joto linapanda, diski inateseka. Puliza kila mwezi, ukiwa nje. Na kama huna UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, basi angalau angalia Luku kabla hujaanza kukopi kitu kikubwa, isije ikaisha katikati.

Swali: Eksteno yangu ilianguka, sasa inalia tik tik tik na haionekani. Nimeambiwa niiweke friza.
Mama wawili, Makulu

Jibu: Dada, friza hapana, unyevu utaimaliza. Chomoa na usijaribu tena, kila ukiiwasha kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwangua sahani yenye picha zako. Usikubali fundi aifungue juu ya meza yake ya kawaida. Kama hamna cha maana humo nunua nyingine, kama ni picha za watoto itunze hivyo hivyo ilivyo mpaka upate wataalamu wa kurudisha data wenye chumba safi, na muulizane bei kabla hawajaigusa.