Udongo Mweusi wa Msituni: Rutuba Yake Iko Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Shamba nililorithi huku Konde, si mbali na Msitu wa Ngezi, lilikuwa kichaka kwa miaka mingi. Tulipolifyeka tulikuta udongo mweusi na muhogo ulitoka mnene, lakini msimu huu wa tatu umetoka mwembamba. Mwanangu amesoma kwamba udongo wa msituni wenye rutuba huitwa Alfisoli. Je, wetu ni huo?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Weusi uliouona ni mboji ya majani yaliyooza, na mboji hiyo huisha upesi majani yasipoanguka tena, jua likapiga ardhi tupu na masika yakaikokota.

Mwanao amesoma sawa. Katika uainishaji wa Marekani uliochapishwa mwaka 1975, ambao leo una makundi makuu 12, Alfisoli ni udongo ambao mara nyingi huumbika chini ya misitu. Hata hivyo, jina hilo halitolewi kwa kutazama miti wala rangi ya juu. Sharti la kwanza ni kuwepo tabaka la chini ambamo mfinyanzi, ukishushwa na maji ya mvua, umejikusanya. La pili ni kwamba angalau asilimia 35 ya uwezo wa udongo wa kushika virutubisho iwe imeshikwa na kalisiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Ikipungua hapo, udongo huwa Ultisoli, ijapokuwa kwa macho mashimo mawili yanafanana. Kipimo hicho huchukuliwa chini sana, pengine mita 1.8, na naona ni busara kubwa, kwani mboji na majivu ya juu hudanganya.

Majina ya wazee wetu nayo ni uainishaji wa kweli: ukisikia uwanda unajua jembe litagonga mawe, na ukisikia kinamo unajua udongo utanata. Ila majina hayo hayapimi akiba iliyo chini.

Kwa hiyo chimba shimo shambani mwako, lipite kimo cha kifua. Toa bonge la udongo wa chini, livunje kwa mkono bila kulikata, kisha ligeuzegeuze juani. Ukiona nyusoni mwake utando mwembamba unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta, huo ni mfinyanzi ulioshuka, na sharti la kwanza huenda limetimia. La pili ni kazi ya maabara. Udongo utakaoupeleka uuchote chini ya shimo, usichanganyike na ule mweusi wa juu.