Kilo 8 si za bega moja

Safu ya maswali ya wapiga picha. Majibu yanatoka kwa mpiga picha mkongwe wa Mwanza.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa Nyakato, napiga picha za sendofu, kicheni pati, harusi na mahafali. Natumia kamera ya Canon 5D Mark IV, lenzi ya milimita 24-70, ile ndefu ya 70-200, flashi mbili, na laptopu ya kuwaonyesha wenye shughuli picha palepale. Vyote viko kwenye begi moja la bega. Nikifanya kazi Jumamosi, Jumapili siwezi kuinua mkono wa kulia hata kujifunga kilemba. Nina laki mbili. Mjini nimeona begi zuri la mgongoni, ila rafiki yangu anasema la mgongoni ndilo baya zaidi, ninunue la magurudumu. Nichukue lipi? Wabeja sana.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na bega.

Tuanze na mzani. Bodi ya 5D Mark IV, yaani kamera bila lenzi, ikiwa na betri na kadi ni gramu 890. Lenzi ya 24-70 f/2.8 (hiyo f ni namba ya ukubwa wa tundu la mwanga), toleo la pili, ni gramu 805. Ile 70-200 ya f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu. Flashi hujataja ni ipi. Tuseme 600EX II-RT, ni gramu 435 kabla hujatia betri nne, hivyo mbili zikiwa tayari kwa kazi ni zaidi ya kilo moja. Hapo tumeshavuka kilo 4 na hatujagusa laptopu na chaja yake. Ongeza hizo, ongeza begi lenyewe, betri za akiba, maji ya kunywa, na khanga ambayo najua haikosi humo. Unatembea na kilo 8 na ushee.

Kilo hizo zikining'inia upande mmoja, mwili unapandisha bega lile ili mkanda usiteleze, halafu unapinda kiuno upande wa pili ili usiyumbe. Misuli ya shingo inabaki imekazwa tangu bibi harusi yuko saluni mpaka MC anaaga watu. Ndiyo maana maumivu yanakuja Jumapili. Dawa ya kuchua haitakusaidia kama Jumamosi ijayo unarudia. Ila mkono ukianza kufa ganzi au vidole kuwasha-washa, usiningoje mimi, panda Hospitali ya Bugando ukaonwe.

Sasa huyo rafiki yako. Sijui anapigia wapi picha. Begi la magurudumu ni raha kwenye ukumbi wa marumaru na uwanja wa ndege, basi. Wewe utaitwa Mabatini au Igogo, nyumbani kwa bibi harusi juu ya miamba, gari linakuacha barabarani na njia iliyobaki ni ngazi za mawe na mifereji. Hapo magurudumu yanakuwa mzigo mwingine wa kubeba, na begi la namna hiyo hata likiwa tupu ni zito.

Kuhusu la mgongoni, amesema nusu ya kweli. Begi la mgongoni lisilo na mkanda wa kiunoni wa maana linachukua maumivu ya bega moja na kuyagawa kwa mawili. Mengi yanayouzwa kwa jina la begi la kamera ni ya aina hiyo: pale kiunoni yana utepe mwembamba wa nailoni, wa kukufanya usilalamike. Mkanda ninaousema mimi ni mpana wa kiganja, una sponji ngumu pande zote mbili, na umeshonewa kwenye mgongo wa begi, haukuchomekwa tu pembeni. Kazi yake ni kuhamisha sehemu kubwa ya uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na nyonga ndizo zinazotubeba kutwa nzima bila kulalamika. Ukinunua begi kwa kigezo kimoja tu, kiwe hicho.

Utalipimaje? Nenda dukani na vifaa vyako vyote. Begi la dukani limejazwa magazeti yaliyofinyangwa ili litune, kila mtu akilivaa linampendeza. Yatoe, weka vyako. Legeza mikanda yote, lipandishe mgongoni, kisha anza chini: funga wa kiunoni kwanza, sponji yake ikalie mfupa wenyewe wa nyonga. Wengi huufunga tumboni, unawabana pumzi halafu wanasema mkanda haufai. Ukishakaza hapo, vuta ya mabegani mpaka iguse tu. Wa kifuani uwe wa mwisho, na uwe unaopanda na kushuka ili uuweke unapoona wewe panafaa. Sasa ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Vikipita kwa urahisi, nyonga inabeba. Vikibanwa, begi hilo ni fupi au refu kwa mgongo wako, hata kama lilimkaa vizuri dada aliyekuwa mbele yako. Urefu wa mtu hausemi kitu hapa. Kinachohesabika ni kutoka ule mfupa unaotokeza shingoni ukiinamisha kichwa, kushuka hadi usawa wa juu wa nyonga. Kuna watu warefu wana migongo mifupi na miguu tu.

Usilivue haraka. Zunguka nalo, piga stori na muuzaji, panda ngazi kama zipo, inama kama unafunga kamba za kiatu. Robo saa inatosha kukuonyesha linapochoma. Muuzaji akinuna, duka jingine lipo.

Namna ya kupanga nayo ina lake. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati kwenda juu. Laptopu igusane na mgongo, lenzi ndefu isimame ikiifuata, vyepesi vya flashi na waya viende mbele. Ukiweka 70-200 kwenye mfuko wa nje, begi zima linakuvuta nyuma na wewe unajibu kwa kuinama mbele, na kwenye mawe ya Mabatini huo ni mwaliko wa kuanguka. Halafu, pole kwa kuingilia, laptopu ya nini kwenye harusi? Skrini ya kamera inamtosha mama mzazi. Iache nyumbani, umeshapunguza kilo mbili bila kutoa hata shilingi.

Tafuta linalofunguka upande wa mgongoni, yaani zipu yake inagusana na mwili wako. Kwenye daladala la kwenda Buzuruga hakuna mkono utakaoifikia. Na ukililaza chini kwenye tope, linalazwa kwa uso wa nje, mikanda inabaki safi na nguo yako ya shughuli inasalimika. Zipu ziwe nene na zikimbie bila kukwama kwenye kona. Hapo kwenye kona ndipo zinapokufa. Sipendi begi lenye jina kubwa la kampuni ya kamera limeandikwa mgongoni. Unamtangazia nani?

Laki mbili. Begi jipya lenye mkanda wa kweli, la kampuni inayojulikana, kwa hiyo pesa ni vigumu kulipata. Lowepro, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1967 na Greg Lowe, mpanda milima wa Marekani, na mabegi yao makubwa yana mikanda ya mtu anayejua kilima ni nini, lakini bei yake pia ni ya kilima. Mimi ningekupeleka Mlango Mmoja kwenye mitumba. Uliza mabegi ya wapanda milima ya lita 30 hadi 40, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu anayetembea kutwa. Hayana vyumba vya kamera, na hilo tutalimaliza kwa fundi.

Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje. Pitisha kiganja kwenye kitambaa. Mabegi mengi yana utando mwembamba wa plastiki ndani wa kuzuia maji, na ukizeeka unaoza: unanata, unanuka uvundo mkali, kisha unabanduka kama magamba ya sato. Likiwa hivyo achana nalo hata likiwa la bei ya kutupa. Halizuii maji tena, na hayo magamba yatahamia kwenye lenzi, na siku ukibadilisha lenzi yataingia kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Vuta kila mshono kwa nguvu, hasa mikanda ya mabega inapoingia juu. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba: irudi. Ikibaki imebonyea, imekufa.

Kisha nenda kwa fundi anayeshona viti vya bodaboda. Huyo ana cherehani ya sindano nene na hashangai kazi ngumu. Mwambie akushonee sanduku laini la kuingia ndani ya begi, lisilofika juu kabisa, ili khanga na maji vipate nafasi. Asitumie sponji ya godoro, mwezi mmoja inakuwa chapati. Tumia ile povu ngumu ya mikeka ya mazoezi, unene wa milimita 10, na chini weka tabaka mbili kwa sababu ndiko begi linakopigizwa. Ndani avishe kitambaa chenye manyoya mafupi kinachoshika velkro, kisha akutengenezee vigawanyo vya kuhamisha. Vipimo mpelekee vifaa vyenyewe, usimwambie kwa mikono. Lenzi ikae imebanwa kidogo. Ikicheza, itagongana na mwenzake kila hatua.

Jambo la mwisho kwako. Ukumbini hubebi begi hilo. Unaliacha kwa msaidizi wako nyuma ya meza ya DJ, unabaki na kamera na kijibegi chepesi cha bega chenye lenzi moja na betri. Hapo la bega ni sahihi kabisa. Jim Domke alikuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer miaka ya 1970 alipobuni begi lake la turubai, jepesi, lisilo na sponji nyingi, linalolala ubavuni na kufunguka kwa mkono mmoja. Lilitengenezwa kwa mtu anayefanya kazi akiwa amesimama, na mtindo wake bado unanakiliwa. Livae mkanda ukikatiza kifua, na kila ratiba ikibadilika, hamisha upande.

SWALI: Habari kaka. Niko Nansio, Ukerewe. Vifaa vyangu vinakaa ndani ya begi muda wote, nalifunga vizuri vumbi lisiingie. Juzi nimeona nyuzinyuzi nyeupe ndani ya lenzi. Begi ni bovu?

JIBU: Begi halina kosa, ila lilitengenezwa la kusafiria na wewe umeligeuza kabati. Hizo nyuzi ni ukungu. Unapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu, na sponji ya begi inayanywa manyunyu ya ziwani na jasho la mgongo wako kisha inayatunza. Lenzi hiyo ipeleke kwa fundi mapema. Ukungu ukikaa sana unakula utando wa kioo, na hapo kusafisha hakurudishi kitu.

Ukifika nyumbani toa kila kitu. Vifaa viingie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli. Tafuta zile punje zinazobadilika rangi zikijaa maji, ili ujue lini za kukausha. Mchele usiweke, unaacha vumbi. Begi lenyewe lifungue zipu zote ulianike kivulini penye upepo, na msimu wa masika usisubiri mpaka linuke. Kama ulipitia mwaloni, wanakoshushia samaki, ukaliweka chini, osha kitako chake kwa maji na sabuni siku hiyohiyo. Maji ya dagaa hayasamehe.

SWALI: Mkuu, mimi napiga picha za mpira CCM Kirumba na siku nyingine naingia kwenye mtumbwi kuwapiga wavuvi. Kwenye boda begi likae mbele au nyuma? Na kwenye mtumbwi?

JIBU: Kwenye boda, mgongoni, mikanda yote imefungwa, na kitako cha begi kisiguse kiti, maana kila tuta litalisukuma mabegani. Ukilibeba mbele linakaa kati yako na dereva, akifunga breki unalalia lenzi zako. Kumpa dereva aliweke juu ya tangi sikushauri. Anahitaji mikono na magoti yake.

Mtumbwini geuza utaratibu. Fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani kabla hujakanyaga mbao, acha begi liwe begani kwa namna ya kulivua mara moja. Ukitumbukia na kilo 8 zimefungwa kiunoni, kuogelea kwako hakutakusaidia. Koti la kuokolea livae kwanza, juu yake ndipo begi. Ukishakaa, livue, liweke juu ya ubao wa kukalia na usiliache sakafuni, kwa sababu mtumbwi daima una maji chini hata mwenye mtumbwi akiapa kwamba hauvuji. Ule mfuniko wa mvua unaokuja na begi unazuia matone ya juu tu. Kwa ziwani, kila lenzi iwe ndani ya mfuko wake wa plastiki mzito uliofungwa mdomo, humohumo ndani ya begi, na kadi zilizojaa zikae mwilini mwako.