Hakuna kodi ya urithi Kenya, lakini muda wenu unakwenda

SWALI: Assalaam aleikum, wakili. Baba yetu alifariki miezi 14 iliyopita. Ameacha mama, wavulana wawili na wasichana watatu. Mali ni nyumba ya vyumba sita hapa Majengo, iliyojengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine, ploti ya Mtwapa yenye hati kwa jina lake, na pesa kidogo benki. Kaka mkubwa ndiye anayepokea pesa za wapangaji. Kila tukimwambia tugawe, anasema serikali itakata kodi ya urithi, afadhali mali ikae kwa jina la baba. Ndugu yetu wa pili naye alifariki miezi minne baada ya baba, ameacha mke na mtoto mmoja wa kiume. Kaka asema hao hawana chao tena. Mama ana nyumba yake mwenyewe Kisauni na anataka kuiandika kwa mdogo wetu wa kike anayemuuguza. Tufanye nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Poleni sana kwa misiba miwili ndani ya muda mfupi hivyo, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Nianze na hilo la kodi, maana ndilo lililowafunga miguu. Kenya haina kodi ya urithi. Tulikuwa nayo zamani, ikafutwa mwaka 1982. Huenda kaka yako ameisikia kwa jamaa walio Uingereza, ambako ipo kweli na hufika asilimia 40 ya kinachozidi kiwango kilichowekwa. Ya huko haihusu nyumba ya Majengo wala ploti ya Mtwapa. Mrithi anapohamishiwa jina kwenye hati, halipi kodi ya faida ya mauzo, wala ile asilimia 4 ya ushuru wa stempu anayolipa mtu aliyenunua nyumba mjini. Gharama zipo, za mahakama, za msajili wa ardhi na za wakili mkimtumia, lakini hizo si za kuwafanya muiache mali ilale.

Kodi ambayo kaka hakuitaja ndiyo ya kuiangalia. Mtu akiuza ardhi Kenya hulipa asilimia 15 ya faida, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 Januari 2023. Sheria imewapa nafuu wafiwa: mali ikiuzwa kwa ajili ya kusimamia mirathi, na mauzo yakakamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, kodi hiyo haitozwi. Kamishna anaweza kuongeza muda kwa maandishi, na pakiwa na kesi kuhusu mirathi hiyo, miaka miwili huhesabiwa tangu kesi iishe. Nyinyi mmeshatumia miezi 14. Mkiwa na nia ya kuiuza ploti ya Mtwapa mgawane pesa, mna miezi 10, na ndani yake kuna kwenda kwa Kadhi, kupata mnunuzi na kubadilisha hati kule Kilifi. Miezi 10 kwa shughuli hizo si mingi. Nimewahi kuona familia ikikosa nafuu hii kwa wiki chache tu, na wote walikuwa wamekubaliana kuuza tangu siku ya hitima.

Pesa za wapangaji nazo zina kodi yake. Pango la makaazi likizidi shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5, na ni wajibu wa mwezi kwa mwezi. Vyumba sita vya shilingi 5,000 vinafika 360,000. Muulizeni kaka kwa upole kama inalipwa, kwa sababu KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikija kudai, deni litaangukia mirathi yenu nyote. Na pango lenyewe si lake peke yake. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu kushika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Adhabu ni faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, naye hutakiwa kutoa hesabu ya alichochukua. Sehemu hiyo ya sheria inatugusa hata sisi Waislamu pale isipopingana na sharia. Sikutajii ili mkampeleke polisi. Mwambie aanze daftari leo: tarehe, chumba, kiasi kilichoingia, kilichotoka kwa ukarabati. Daftari la kurasa 80 limewahi kumwokoa kaka mwaminifu aliyekuwa anashukiwa bure na dada zake.

Sasa mgao wenyewe. Kabla ya kugawa chochote hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni. Mwulizeni mama, faraghani na kwa heshima, kama mahari yake ilimalizwa. Mahari iliyobaki ni deni la baba na hulipwa kabla ya mirathi. Kina mama wengi hawasemi mpaka waulizwe. Kisha wasia kama alioacha, usiozidi theluthi. Kinachobaki, nikichukulia kwamba wazazi wa baba walitangulia, hesabu yenu imetulia vizuri: mama thumni, yaani moja ya nane, kila binti moja ya nane, kila mtoto wa kiume mbili za nane. Mali ikithaminiwa shilingi milioni 8, mama ana milioni 1, nyinyi mabinti watatu milioni 1 kila mmoja, na wavulana milioni 2 kila mmoja. Hakikisheni tu hakuna mrithi aliyeachwa nje ya orodha, kwa mfano mke mwingine au mtoto wa ndoa ya awali. Jina likifichwa, hukumu yote inaweza kurudiwa.

Kuhusu ndugu yenu wa pili, kaka amekosea, na naomba mlitilie mkazo hili kwa sababu kuna yatima ndani yake. Mtoto akifa kabla ya babake, hamrithi, na wanawe huzuiwa na ami yao aliye hai. Lakini huyu alikuwa hai baba alipofariki. Fungu lake lilikuwa lake tangu dakika ile, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa. Alipofariki yeye, ile milioni 2 ya mfano wetu ikawa mirathi yake: mama yenu sudusi, yaani moja ya sita, kiasi cha shilingi 333,000, mkewe thumni, 250,000, na kilichobaki chote, kama milioni 1 na 417,000, ni cha mtoto wake. Kaka na nyinyi dada zake hamna fungu hapo, mtoto wa kiume amewazuia. Mjane wake aitwe kwenye kikao, naye akae na kusema kama wengine.

Hapa ndipo ninapoona mali za Mombasa zikipotea. Niliwahi kushika faili la nyumba moja ya Mji wa Kale iliyokaa kwa jina la babu zaidi ya miaka 40. Tulipoandika warithi wote walifika 31, wengine Muscat, wengine hawajulikani walipo, na kuna aliyekuwa na fungu lisilotosha kununua mlango wa nyumba ile. Dari lilikuwa limeshaanguka, na hakuna aliyekubali kutoa pesa ya boriti. Nyinyi mnapiga hesabu ya vifo viwili tu, bado ni nyepesi.

Nyumba ya Majengo hurithiwa nyumba, si kiwanja. Mwambieni Kadhi hivyo wazi ili hukumu isiandike ardhi isiyokuwa yenu. Tafuteni risiti za malipo ya kiwanja. Kwa wazee wetu mara nyingi zimo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Kisha mpelekeeni mwenye ardhi nakala ya hukumu, akubali majina mapya kwa maandishi. Pesa za benki nazo zisisahaulike: akaunti ikilala miaka mitano bila kuguswa, benki hupeleka pesa hizo kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, na kuzirudisha ni safari nyingine.

Nimalizie na mama. Karatasi inayosema nyumba itakuwa ya fulani nikifa ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie baada ya kifo. Mdogo wenu atabaki na karatasi mkononi na ugomvi mlangoni. Kama mama anataka kumpa kweli, njia ni hiba: ampe sasa angali na afya na akili timamu, binti akubali, na akabidhiwe. Kukabidhi maana yake ni hati kubadilishwa jina, na hapo ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani hulipwa kana kwamba ni mauzo. Asingoje ugonjwa wa mwisho, maana zawadi ya wakati huo huhesabiwa kama wasia. Awaite watoto wote awaeleze kwa mdomo wake kwa nini anampa huyu, na azungumze na sheikh anayemwamini, kwani kupendelea mtoto mmoja bila sababu ni jambo la kuogopwa. Kumuuguza mzazi ni sababu, lakini isikike kutoka kwake.

Tena yuko yule mjukuu yatima. Hatamrithi bibi yake, kwa kuwa ami yake yu hai. Kwake yeye wasia unafaa kabisa: mama anaweza kumwandikia chochote kisichozidi theluthi ya mali yake, mbele ya mashahidi wawili wasiokuwa na fungu, na hapo hahitaji ridhaa ya mtu.

Wiki hii chukueni vyeti viwili vya kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, nakala za vitambulisho, hati ya Mtwapa na risiti za kiwanja, mwende mahakama ya Kadhi mkiwa pamoja na kaka. Akikataa kufuatana nanyi, mrithi mmoja anatosha kufungua faili, na huyo anaweza kuwa wewe.