Ninunue kinyonya vumbi cha hosipawa ngapi?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Bombo. Nyuma ya nyumba nina karakana ya mita 4 kwa 6, kuta za tofali, juu bati. Nina msumeno wa meza wa inchi 10, mashine ya kurandia ya inchi 13, ruta ya kuchongea kingo na mashine ya msasa ya mkono. Natengeneza vitanda na makabati kwa mvule, mugavu na MDF (mbao za unga wa miti ulioshikizwa kwa gundi). Nimekuwa nikitumia vakyumu ya kawaida lakini inaziba kila baada ya dakika chache. Duka moja Kampala linaniuzia kinyonya vumbi cha hosipawa 1 chenye mfuko wa kitambaa, au cha hosipawa 2 kwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Umeme wangu ni fezi moja. Nichukue kipi? Mke wangu anasema kila nikiingia ndani jioni mjukuu wetu huanza kukohoa.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Jambo uliloliweka mwisho ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu kikohozi cha mtoto kinaamua ununue nini kuliko hosipawa.

Vumbi unaloliona sakafuni silo hasa linalomkohoza mtu. Jicho letu linaishia kwenye chembe za mikroni 40 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele mmoja una kama 70. Chembe zinazoshuka hadi ndani ya mapafu ni zile za chini ya mikroni 10, nazo huelea hewani saa nyingi baada ya msumeno kuzimwa. Ndizo zinazokaa kwenye shati na nywele zako ukaingia nazo sebuleni. Mvule una sifa mbaya hapa: unga wake unajulikana kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa wanaoufanyia kazi muda mrefu. MDF inaongeza gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua.

Hebu tulipime kwa chumba chako. Uingereza hairuhusu mfanyakazi kuvuta vumbi la mbao ngumu zaidi ya miligramu 3 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa siku ya saa 8. Karakana yako, paa likiwa mita 3, ina mita za ujazo 72. Zidisha: ni miligramu 216, yaani gramu moja igawe mara tano, uchukue fungu moja. Ni kiasi unachoweza kukinyanyua kwa ncha za vidole viwili. Kikitawanyika hewani chumba kizima, tayari umefika mpakani.

Usiku wa leo fanya jambo moja kabla ya kwenda dukani. Kata mbao tatu nne za MDF, zima taa, kisha washa tochi uielekeze upande mmoja wa chumba, wewe ukitazama kutoka ubavuni. Mimi nilifanya hivyo kwa mteja niliyekuwa nimemfungia mashine mpya yenye mfuko wa kitambaa. Sakafu ilikuwa safi kabisa, nami nimeridhika. Tochi ilipowaka, mwanga wake ulisimama kama nguzo nyeupe kuanzia mkononi mwangu hadi ukutani, na karibu na ule mfuko ukungu ulikuwa mzito kuliko kwenye msumeno wenyewe. Mashine ilikuwa inameza maranda na kutema unga laini kupitia kitambaa, tena ikiupulizia juu, usawa wa pua zetu. Tangu siku hiyo sifungi mfuko wa kitambaa cha kawaida ndani ya chumba anachofanyia mtu kazi.

Kwa hiyo ile ya hosipawa 1 yenye mfuko, iache. Lakini hata ya hosipawa 2 usiilipie bado, maana tunaanzia upande usiofaa. Anza kwenye mdomo wa mashine, pale vumbi linapozaliwa, kisha bomba, feni ya kinyonya vumbi ndiyo ya mwisho.

Msumeno wako nadhani uko wazi chini, kama mingi ya inchi 10. Ukiufungia feni yoyote ukiwa hivyo, utakuwa unanyonya hewa ya chumba. Ziba tumbo lake kwa plaiwudi, weka sakafu ya mteremko ielekee kwenye tundu la bomba, na uache upenyo mdogo upande wa mbele ili hewa iingie ikiburuza vumbi kuelekea nyuma. Ukiziba kila mahali hakuna kitakachotembea, kwani hewa isiyoingia haitoki. Halafu kuna vumbi la juu ya meza, ambalo meno ya msumeno hukurushia usoni. Hilo linataka kofia juu ya kisu yenye mrija wake. Mafundi wengi hawaiweki, na ndiyo maana wanakohoa huku wakisema mashine yao ni nzuri.

Sasa bomba. Maranda na unga vinahitaji hewa inayokimbia kama mita 20 kwa sekunde ili visilale njiani. Bomba la inchi 4 likipitisha hewa kwa kasi hiyo linatoa takriban mita za ujazo 565 kwa saa. La inchi 6 linatoa kama 1,270. Kwa mashine ya kurandia, ambayo inatoa maranda makubwa yasiyo na madhara mengi kifuani, inchi 4 inatosha. Kwa msumeno wenye unga wa MDF ningependa inchi 6 ifike karibu kabisa, igawanyike hapo hapo: tawi moja chini ya meza, jingine juu kwenye kofia. Mabomba ya plastiki ya maji taka yanafaa na yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Usitumie elbo ya nyuzi 90 iliyokatika ghafla. Unga elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati. Na ile hozi ya mikunjo uitumie mita moja tu ya mwisho, kwa sababu inaibana hewa mara mbili au tatu zaidi ya bomba laini la urefu uleule.

Hapa ndipo unapoona kwa nini vakyumu yako inaziba. Vakyumu ina mvuto mkali lakini hewa kidogo, inayopita kwenye mrija mwembamba. Maranda ya inchi 13 yanaijaza kabla hujamaliza ubao mmoja. Usiitupe hata hivyo. Kwa mashine ya msasa na ruta, vyenye tundu dogo, mvuto mkali ndio unaotakiwa, na mashine ya msasa ndiyo inayotengeneza unga laini kuliko zote. Inunulie chujio cha HEPA, kile kinachonasa unga laini kabisa, na mfuko wa ndani, itakutumikia vizuri.

Kwa msumeno na randa, basi, chukua feni ya hosipawa 2, lakini usidanganywe na namba iliyobandikwa ubavuni. Kile kipimo cha hewa huchukuliwa mdomo ukiwa wazi, bila bomba wala mfuko; ukishaifunga, unapata mara nyingi karibu nusu. Angalia upana (kipenyo) wa gurudumu la feni lenyewe: ukilinganisha mbili za hosipawa sawa na mzunguko sawa, lenye upana zaidi ndilo linalosukuma hewa dhidi ya bomba refu. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua mfuniko ulione, mwache.

Mfuko wake usiutumie. Vitabu vingi vya useremala vimeandikwa kwenye nchi za baridi, ambako mtu hawezi kutoa nje hewa aliyoipasha moto kwa gharama, hivyo analazimika kuichuja na kuirudisha ndani. Sisi hapa mlango uko wazi mwaka mzima. Toboa ukuta uitoe hewa nje, na utakuwa umeepuka gharama ya chujio bora. Feni ikikupa mita za ujazo 1,000 kwa saa, hewa yote ya chumba chako inabadilika karibu mara 14 ndani ya saa moja. Hakuna mfuko utakaokufanyia hivyo.

Kabla ya hewa kufika kwenye feni ipitishe kwenye saikloni, chombo chenye koni kinachoizungusha hewa, ili maranda yadondoke kwenye pipa na jirani asipate mvua ya unga. Wachomeleaji wa Katwe, Kampala, wataitengeneza kwa bati la chuma ukiwapelekea mchoro. Wasisitizie mambo mawili: hewa iingie ikibusu ukuta wa duara, isielekezwe katikati, na koni iwe ndefu, isipungue mara mbili ya upana wa mwili wa juu. Pipa liwe la chuma, la lita 200. La plastiki jepesi linaweza kubonyea bomba likiziba. Muhimu kuliko yote, mfuniko wa pipa usivuje hata kidogo. Tundu la ukubwa wa msumari chini ya saikloni linapitisha hewa inayorudisha juu vumbi lililokwisha kutua, na kazi yote inaharibika. Washa feni, kisha nyunyizia poda ya mtoto kidogo kidogo kuzunguka maungio. Mahali poda inapotoweka kwa ghafla, ndipo pa kuziba.

Tundu la kutolea liwe juu, mbali na kamba ya nguo, mbali na dirisha la jirani, na lisipulizie kwenye bati linalokusanya maji ya mvua kwenda kwenye tangi lenu la kunywa.

Kuna hatari moja nakuomba uizingatie sana. Feni inayotoa hewa nje inavuta nyingine kupitia mlango na madirisha. Umeme ukikatika ukawasha jenereta mlangoni, moshi wake utavutwa ndani moja kwa moja, nao una gesi isiyo na harufu inayoua. Jenereta iweke upande wa pili wa jengo, mbali na kila tundu. Sigiri (jiko la makaa) ya mama nayo isikae karibu na mlango huo wakati unafanya kazi.

Kuhusu umeme: hosipawa 2 kwa volti 240 inavuta kama ampea 10, na wakati wa kuwaka inaruka mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi. Ukiichomeka pamoja na msumeno kwenye soketi moja ya ampea 13 kwa waya wa kurefusha, utaunguza kitu. Mwite fundi umeme aweke laini mbili kutoka kwenye boksi, kila moja na breka yake ya aina C, isiyojizima kwa huo mruko wa kuwaka. Washa feni kwanza, isubiri ishike kasi, ndipo msumeno. Ukimaliza kukata iache izunguke dakika kumi. Itakula yuniti karibu mbili za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa saa. Hesabu ya shilingi utaifanya kwa bei yako.

Usinyonye cheche za grainda kwa mfumo huo. Chuma chenye moto kikiingia kwenye pipa la maranda hufukuta taratibu, na moto huzuka watu wakiwa wamelala. Pipa nalo limwage kila jioni.

Haya yote yatakuchukua miezi kadhaa, na mtoto anakohoa sasa. Kwa hiyo wiki hii nunua barakoa ya N95 au FFP2 kwa ajili yako, inayobana vizuri usoni. Ndevu zinaipunguzia nguvu. Acha kupuliza karakana kwa kompresa na acha kufagia kikavu. Weka koti la kazi lisilovuka mlango wa karakana, na unawe uso na mikono kabla ya kumpakata mjukuu. Kikohozi kikiendelea baada ya wiki mbili, mpelekeni kwa daktari na mumweleze kwamba nyumbani mnakata mvule na MDF.

Kisha nipimie mita kutoka msumeno hadi ukuta utakaotoboa, na upana wa tundu la kila mashine kwa milimita. Nitumie namba hizo pamoja na upana wa gurudumu la feni utakayoiona dukani, nikupigie hesabu ya bomba kabla hujatoa pesa.