Nifungue kibanda cha gemu wakati kila mtu ana simu?

SWALI: Mambo vipi, mimi nipo Mbagala, nataka kufungua kibanda cha gemu ila mtaji mdogo. Nimeona vile vimashine vya bei chee vya Android vya kuchomeka kwenye TV, wanasema ndani kuna gemu kibao. Sasa najiuliza, kila kijana mtaani ana simu na kajaza gemu humo, kuna mtu atakuja kunilipa kweli au ntakula hasara?

JIBU: Poa ndugu yangu. Watakuja, ila sio kwa hicho kimashine.

Kulikuwa na kimashine cha gemu kama hicho kinaitwa Ouya, cha Marekani, Julai 2012 walichangisha hela Kickstarter, mtandao wa kuchangia miradi, wakaomba dola 950,000 wakapata zaidi ya milioni 8.5, watu walichangamka balaa maana mashine yenyewe ilikuwa dola 99 tu. Ikaingia sokoni 2013 ikadoda. 2019 hata duka lake la gemu likazimwa. Na bei haikuwa tatizo! Tatizo ndani ilikuwa Android, gemu nyingi zile zile za kwenye simu, sasa mtu akae atafute TV na umeme ili acheze kitu ambacho kipo mfukoni? Simu mtu ananunua apige, achati, atume hela, gemu ni nyongeza tu, kwa hiyo ukitaka kushindana nayo kwa bei ushashindwa mapema.

Hata Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, yaliwakuta, 3DS yao, mashine ya gemu ya kushika mkononi, ilitoka 2011 kwa dola 250 ikasuasua, mwaka huo huo wakashusha mpaka 170, ila mi naamini kilichoivusha hasa ni Mario Kart 7, gemu ya mbio za magari iliyotoka mwishoni mwa mwaka, maana hiyo kwenye simu huipati.

Kwa hiyo kwako wewe tafuta PS2 (PlayStation 2) ya mtumba, au PS3 kama mtaji unaruhusu. PS2 ni ya mwaka 2000 na Sony waliacha kuitengeneza tangu 2013 lakini vijana bado wanaikalia, kwa sababu kwenye benchi moja wapo wawili na pedi zao, mpira unapigwa, wengine nyuma wanazomea wanasubiri zamu, na hicho ndo wanacholipia, simu haiwapi hicho hata iwe ya bei gani. Kabla hujalipa jaribu lenzi kwa CD zaidi ya moja, na ununue pedi za akiba kabisa, maana zinakufa haraka kuliko mashine.