Uliza Wachoraji: Michoro ya awali ya Gauguin, na ya kwako

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mchoraji Mfaransa Paul Gauguin aliwachora wanawake wa Brittany, eneo la Ufaransa, kwenye karatasi kabla ya kupaka rangi. Mimi huchora akina mama waliovaa leso na wauza shanga wa Maasai Market hapa Nairobi. Nikianza moja kwa moja kwenye turubai, kichwa huwa kikubwa mno na nguo huonekana kama zimetundikwa. Niige nini kwake? – Msomaji, Kayole

JIBU: Iga mpangilio wake wa kazi. Gauguin alifika Pont-Aven, kijiji cha Brittany, mwaka 1886. Huko alichora wanawake wenye kofia nyeupe na kola pana, kila mmoja peke yake kwenye karatasi yake, kisha akawakusanya katika picha moja ya wanawake wanne ambayo sasa ipo Munich, Ujerumani. Watu haohao aliwarudia kwenye vyombo vya udongo alivyotengeneza na mfinyanzi Ernest Chaplet. Karatasi moja ilimlisha kwa kazi kadhaa, na hilo ndilo la kushika: mchoro wa awali ni wa kutafuta mkao na ukingo wa nguo. Uzuri wake si hoja.

Omba ruhusa kwanza, na mpatane malipo kabla hujatoa mkaa wa kuchorea. Mpe mama dakika 20 za kukaa, kisha apumzike. Kwenye karatasi ya A3, anza na mstari wa mabega na wa nyonga, halafu mahali miguu inapobeba uzito. Leso huja baadaye. Chora inapokazwa, kwapani au kiunoni, kwa sababu mikunjo yote hutokea hapo. Ukianza na maua na pindo, mwili hupotea ndani na nguo huonekana imetundikwa, kama unavyolalamika. Ushanga mpana wa shingoni nao huharibika kwa sababu watu huuchora kama mistari iliyobandikwa kifuani. Ule ni duara bapa lililolala mabegani: chora kwanza duara lililobanwa, kisha pete za rangi zilifuate.

Kuhamishia kwenye turubai, tumia miraba. Pima eneo la sentimita 28 kwa 40 kwenye mchoro na uligawe kwa miraba ya sentimita 4, saba kwa kumi. Turubai ya sentimita 42 kwa 60 itachukua miraba ileile ya sentimita 6. Uwiano usipolingana, mama atanenepa au atarefuka, na hakuna rangi itakayomwokoa. Ili usichafue mchoro, chora miraba kwenye plastiki angavu na uiweke juu yake. Kwenye turubai, tumia penseli hafifu, kwani rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyopita na mistari mizito hujitokeza. Ukitumia mkaa, pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka ibaki alama tu, la sivyo utachanganyika na rangi, na nyeupe na njano zako zitakuwa za kijivu. Halafu pitia alama hizo kwa rangi nyembamba.

Mapambo ya nguo yapunguze. Gauguin aliacha vitu vingi vya kofia na kola, akabakiza umbo. Ukiwa na nafasi, tazama pia picha za mchoraji Joy Adamson za watu wa Kenya wakiwa wamevaa mavazi yao, katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Yeye alitaka kila ushanga uhesabike. Linganisha, uamue picha yako inahitaji kipi.

SWALI: Mkaa wangu unafutika kila nikifungua faili. Spreyi ya nywele inafaa? – Msomaji, Umoja

JIBU: Hushika kwa muda, lakini baadaye hugeuza karatasi kuwa ya njano. Nunua dawa ya kugandisha mkaa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa. Nyunyiza ukiwa nje, umbali wa sentimita 30, mara mbili nyepesi. Ukinyunyiza sana mara moja, mkaa utaloa na kutengeneza madoa. Tia karatasi laini kati ya michoro, na uilaze, usiikunje.